Mzee Laurenti Mapunda na Mbwa wa Miaka Tisa

Ijumaa ya leo, tarehe 30 Juni 1995, Mzee Laurenti Mapunda anamaliza miaka ishirini na saba na miezi mitatu ya utumishi katika kituo chetu cha kutunza wanyama hapa Chumbageni, Tanga. Aliajiriwa tarehe 1 Aprili 1968 kuwa mfagizi wa mabanda, kwa majaribio ya miezi mitatu. Jalada lake limepekuliwa lote na hakuna barua inayosema kwamba majaribio hayo yalikwisha. Kwa mujibu wa makaratasi, basi, anastaafu akiwa bado anajaribiwa.

Makaratasi hayohayo yanasema alizaliwa tarehe 1 Julai 1940, hivyo kesho anatimiza hamsini na mitano, umri wa kustaafu. Mwenyewe hana hakika. Watoto wote wa Kambi Namba Tatu, katika shamba la mkonge alikozaliwa huko njia ya Muheza, walizaliwa tarehe mosi Julai, kwa sababu karani wa shamba aliwaandika wote siku moja na kuwakadiria umri kwa kimo. Tunaomba msomaji alikumbuke hilo, maana sehemu kubwa ya wasifu huu inahusu umri na namna unavyoandikwa.

Baba yake alikuwa Mngoni aliyeletwa kutoka Songea kwa mkataba wa manamba, akaishia kuwa mlinzi wa usiku wa korona, kiwanda cha shamba kinachosaga majani ya mkonge kutoa nyuzi. Alilinda na mbwa. Kazi ya kwanza ya Laurenti, akiwa na miaka sita au saba, ilikuwa kumpelekea baba yake uji alfajiri. Alisubiri langoni mpaka nyapara agonge kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini. Reli ikilia, walinzi wa mchana huingia, wa usiku hutoka, na mbwa hutupiwa ukoko wa ugali. Kabla ya reli, mbwa hata ukimwekea ukoko puani hali.

Bei ya mkonge ilipoanguka, kambi ilipunguzwa watu, na Laurenti akaja mjini kutafuta kibarua. Alipata chetu. Anasema alidhani ni kibarua cha mwezi.

Wasomaji wanaujua mji wetu. Mbwa hapa ni mlinzi, hana kazi nyingine. Analinda korona, godauni, duka, ua wa Mzungu aliyekodi nyumba Ras Kazone. Akishindwa kulinda, mwenye mbwa hujiona hana deni naye. Ndiyo sababu wengi wa mbwa wanaoletwa kwetu ni wazee: meno yamekwisha, viuno vimekaza, macho yameingia ukungu. Huletwa na dereva au hamali ambaye hajui hata jina la mbwa. Kituo chenyewe, miaka ile, hakikuwa na mpango wowote kwa mbwa wa namna hii. Walipewa maji na chakula kama wengine, wakangojwa wafe.

Mwaka 1974 aliletwa jike mmoja kutoka shamba moja la mkonge, akaitwa Tabu. Tabu hakulala. Alisimama langoni mchana na usiku, miguu ikimtetemeka, akitazama barabarani. Alichunguzwa, akapewa dawa, akaombewa hata mfupa wa supu. Siku ya tano alianguka akiwa amesimama, akajizoa, akasimama tena. Wengine walisema ana wazimu. Jumapili Laurenti alipanda baiskeli mpaka Kambi Namba Tatu, akarudi jioni na kipande cha reli ya toroli kama futi mbili, amekifunga nyuma kwa mpira. Akakitundika kwenye mwarobaini wetu. Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, alikigonga kwa nyundo. Tabu aligeuza kichwa, akamtazama, akajilaza palepale mchangani, akalala mpaka adhuhuri.

Tangu siku hiyo reli imegongwa kila asubuhi, Idi na Krismasi, mvua na jua. Kwa mbwa waliokwisha kuwa viziwi, na kila mwaka wapo, Mzee Laurenti hupita mmoja mmoja, humwekea kiganja begani na kumwambia maneno yaleyale: "Lindo limepokewa. Nenda kalale."

Mwanasiti, mpishi wetu, ambaye wengi mnamjua kwa sauti kabla ya sura, aliajiriwa mwaka 1979. Asubuhi yake ya kwanza aliyasikia maneno hayo, akacheka mpaka akaegemea kinu.

"Kaka Laurenti, mbwa nawe wamuaga kama askari magereza?"

"Huyu kaacha kazi lini?" akamjibu. "Hebu niambie. Nani alimwambia kwamba kaacha?"

Mwanasiti anasema mpaka leo hapendi kuulizwa swali asilokuwa na jibu lake. Walielewana hata hivyo. Yeye alikuja na ndoo yake ya mchanga safi, akaiweka karibu na bomba, kwa ajili ya kujitoharisha kama sheria inavyotaka, mara saba na mojawapo kwa udongo, kila mate ya mbwa yanapomgusa. Mzee Laurenti ni Mkatoliki, lakini kwa miaka kumi na sita hakuna siku ndoo hiyo ilikutwa tupu, na si Mwanasiti aliyekuwa akiijaza.

Sasa tufike mwaka 1983. Wenye umri wanakumbuka foleni, sabuni iliyokatwa vipande, na unga wa njano wa msaada ambao watu waliuita Yanga. Binadamu alipata mgao wake kwa shida. Mbwa hakuwa na mgao kabisa, kwa kuwa hamo katika daftari la balozi wa nyumba kumi. Mzee Laurenti alikwenda kuomba. Balozi alimsikiliza kwa heshima zote, kisha akamuuliza kama mbwa hao wamelipa kodi ya maendeleo. Basi akapanda mihogo nyuma ya mabanda. Akawa anakwenda Deep Sea, kwenye diko la wavuvi, kila siku kuomba vichwa vya samaki, na mara mbili kwa mwezi Muheza kwa baiskeli kufuata pumba. Mwanasiti alivitwanga vichwa vile kinuni mpaka vikawa uji, kwa sababu asiye na meno hana la kufanya na kichwa cha changu. Sabuni ilipokosekana waliwaogesha mbwa kwa maji ya majani ya mwarobaini.

Hayo yote hayakutosha. Novemba mwaka huo kamati ya kituo ilikaa ikapitisha kwamba mbwa yeyote atakayetimiza miaka kumi achomwe sindano ya kumpumzisha, ili kilichopo kiwatoshe vijana. Hatuandiki haya kuilaumu kamati. Mji mzima ulikuwa ukipima nani ale nini. Jumatatu iliyofuata walichomwa watatu. Mzee Laurenti ndiye aliyewashika, kwa kuwa hawakukubali kushikwa na mwingine. Asubuhi ile alikuwa amegonga reli kama kawaida na kumwambia kila mmoja maneno yake. Mwanasiti anakumbuka kwamba baada ya hapo, kwa wiki nzima, reli iligongwa lakini maneno hayakusemwa.

Wakati huo alikwisha kuwa msimamizi wa mabanda, na daftari la mbwa lilikuwa mikononi mwake. Ukifungua ukurasa wa Desemba 1983 utaona namba kumi iliyokwanguliwa kwa wembe, karatasi imekuwa nyembamba kama ganda la kitunguu, na juu yake imeandikwa tisa. Kuanzia hapo mbwa wa kituo hiki waliingia miaka tisa na hawakutoka. Walizeeka bandani, daftarini hawakuzeeka.

Anayelipitia daftari hilo haraka ataona uzembe. Anayelipitia taratibu ataona kitu kingine. Safu ya umri imesimama palepale mwaka hadi mwaka, lakini safu ya maelezo, kwa mwandiko uleule wa herufi kubwa zilizoinama, inasonga mbele. Tisa, anakula uji tu. Tisa, haoni jicho la kushoto. Tisa, hanyanyuki bila kusaidiwa. Tisa, amekufa usingizini chini ya mwarobaini. Mtu aliyeandika hivyo hakuwa na shida ya hesabu. Alikataa namba moja tu, na mengine yote aliyaandika kama yalivyokuwa.

Hakumwambia yeyote. Kila Desemba orodha ilinakiliwa, ikapelekwa kwa Mwenyekiti wetu, Mzee Esmailji, naye akaitia sahihi.

Shida zilipolegea, zililegea kwa namna zake. Mitumba iliporuhusiwa na marobota kuanza kufunguliwa sokoni, zilikuwemo sweta za watoto za sufu nzito, ambazo mama wa Tanga hawezi kumvisha mwanawe hata kwa kulipwa. Mzee Laurenti aliziomba. Julai ya mwaka 1988, mwezi wa baridi yetu ndogo inayoumiza viuno vya wazee, mbwa sita walitoka kuota jua wamevaa sweta, moja ikiwa na picha ya mtu wa theluji. Watu walijaa barabarani kutazama. Mama mmoja alilalamika kwamba mbwa wamevaa kuliko mumewe. Mwanasiti alimjibu kwamba mumewe akija na kiuno kilichokaza naye atapewa.

Lakini soko huria lilituletea na wageni. Mashamba yaliuzwa, maghala yakabadilisha wenyewe, kampuni za ulinzi zikaja na mbwa wao vijana wenye mikanda ya chuma. Mwaka 1993 lori moja lilishusha mbwa tisa kwa mkupuo mmoja, wote wa korona iliyofungwa, likageuza. Wote walijipanga langoni. Mzee Laurenti aliwaacha wasimame mpaka asubuhi, kwa sababu anasema lindo halipokewi katikati. Saa kumi na mbili akagonga reli. Waliokuwepo wanasema tisa wale walikwenda chini pamoja, kama nguo zilizokatikiwa kamba.

Novemba 1994 ilifika barua kutoka kwa wafadhili wetu wa ng'ambo. Ilikuwa ya upole. Walikuwa wakilinganisha taarifa za miaka ya nyuma, wakaona mbwa aitwaye Posho ana miaka tisa mwaka 1989, tisa mwaka 1991, tisa mwaka 1993. Waliuliza kama Posho ni mbwa mmoja au ni mbwa watatu. Kama ni mmoja, waliomba kufahamishwa mbwa wa Tanga wanakunywa maji gani.

Barua ilimfikia karani mpya wa kituo, aliyekuwa hajamaliza miaka miwili kazini, naye akampelekea Mzee Laurenti. Kujibu kulikuwa rahisi: watatu. Hakuna ambaye angevuka bahari kuja kuhesabu. Mzee Laurenti aliisoma mara mbili, akaikunja.

"Nani atajibu?"

Akaambiwa ni kazi ya karani.

"Basi ngoja kwanza, binti. Uongo huu ni wa mkono wangu. Sitaki uuendeleze kwa mkono wako."

Alivaa shati la kanisani, akaenda mjini dukani kwa Mwenyekiti.

Mzee Esmailji ni Mwislamu wa jamii ya Mabohora, mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, aliyeurithi uenyekiti wetu kwa marehemu baba yake. Ametuongoza miaka kumi na tisa. Mabati ya mabanda yetu yote ni ya kwake. Hajawahi kumgusa mbwa, na hatukutegemea amguse. Alimsikiliza Mzee Laurenti mpaka mwisho akiwa amesimama nyuma ya meza, kofia yake nyeupe yenye ukingo wa dhahabu ikiwa imenyooka kichwani. Kisha alisema kwa sauti ya chini, na Mzee Laurenti mwenyewe ndiye aliyetusimulia, bila kujipunguzia hata neno.

"Laurenti, duka hili lina miaka sitini. Karatasi ya uongo haijatoka hapa hata moja. Wewe umenifanya niutilie uongo sahihi mara kumi na moja."

"Ndiyo, Mwenyekiti."

"Mimi nilikufanya nini?"

"Hukunifanya kitu, Mwenyekiti. Nilishika watatu siku moja. Nikaona siwezi wa nne."

Januari mwaka huu kamati iliitwa. Kulikuwa na mambo mawili mezani. La kwanza, Mzee Laurenti aondolewe kazini mara moja, bila kungoja Juni na bila sherehe. La pili, kifungu cha mwaka 1983, ambacho hakikuwahi kufutwa, kitekelezwe. Banda la wazee lilikuwa na mbwa kumi na wanne. Mzee Laurenti alitakiwa ataje umri wao wa kweli, akautaja bila daftari. Kumi na mmoja walikuwa wamevuka miaka kumi. Daktari wetu wa mifugo, Dk. Idarusi, aliulizwa ilikuwaje yeye asiyaone meno yao kwa muda wote huo. Alifikiri kidogo, akajibu kwamba yeye aliulizwa habari za afya; umri hajawahi kuulizwa. Mwenyekiti alimwangalia kwa muda ambao wajumbe wanasema ulikuwa mrefu.

Mzee Laurenti hakuitetea kazi yake. Aliomba jambo moja tu, kwamba kumi na mmoja wale wasilipie kosa lake. Alisema yeye ndiye aliyesema uongo. Wao hawajasema kitu.

Mzee Esmailji alisema hataamua jambo la uhai kwa karatasi, kwa kuwa karatasi zimekwisha kumdanganya. Atakuja kuona kwa macho. Akauliza mbwa hawa huamka saa ngapi.

Katika miaka kumi na tisa Mwenyekiti alikuwa akitutembelea saa nne, ua umefagiwa, mbwa wameshiba, kiti chake kimewekwa barazani. Jumamosi iliyofuata alifika saa kumi na mbili kasorobo, akasimama kando ya banda la wazee mikono nyuma. Mwanasiti alikuwa jikoni na aliona yote, na ndiye tunayemtegemea hapa, pamoja na kawaida yake ya kuongeza chumvi, ambayo safari hii hakuongeza.

Mbwa walikuwa wamesimama kama wasimamavyo kila alfajiri, wengine wameegemea ukuta. Mzee Laurenti akamwamkia Mwenyekiti shikamoo, akagonga reli. Wakaenda chini mmoja mmoja. Akawapitia viziwi, akawawekea mkono na kuwaambia maneno yao. Wote kumi na wanne wakawa wamelala. Mwenyekiti akageuka kuondoka, na kishada cha funguo za duka kikalia mfukoni mwake.

Mbwa mmoja akanyanyuka. Alikuwa Toroli, mweusi, kilema wa mguu wa nyuma, aliyeletwa mwaka 1987 juu ya mkokoteni na hamali asiyejua jina lake, ndipo Mzee Laurenti akampa jina hilo. Toroli alijikokota mpaka langoni, akageuka, akasimama kifua kikielekea barabarani na mgongo kwa mlango, kama asimamavyo mbwa wa godauni mwenye godauni anapofunga kufuli.

Mzee Esmailji alisimama pale alipokuwa.

"Kalu," alisema.

Mbwa hakugeuka. Alikuwa kazini.

Mwenyekiti akamuuliza Mzee Laurenti mbwa huyu ameletwa lini, akaambiwa. Akasema alimtoa godauni mwaka ule baada ya gunia la misumari kumwangukia mguuni. Alimwambia hamali ampeleke kituoni, na hakuuliza tena. Alidhani amekufa zamani. Kila Desemba aliliona jina la Toroli katika orodha, umri miaka tisa, akalitilia sahihi.

"Miaka minane," alisema. "Kila nikija hapa na funguo hizi, huyu anasimama?"

"Ukija saa nne huwa nimewapeleka uani nyuma kuota jua, Mwenyekiti. Ila gari lako likiondoka husimama."

Kisha Mzee Esmailji alitoa kile kishada mfukoni, akakiweka juu ya ukuta wa banda taratibu kisilie. Akauliza yale maneno yanasemwaje. Mzee Laurenti akamwambia. Mwenyekiti alikwenda mpaka hatua mbili nyuma ya mbwa, mikono bado nyuma, akasema kwa ile sauti ya dukani ya kufunga hesabu ya siku, "Lindo limepokewa, Kalu. Nenda kalale." Toroli aligeuka, akamtazama mtu wake, akajilaza katikati ya njia. Ikabidi Mwenyekiti amzunguke kutoka.

Uamuzi wa kamati uliandikwa wiki hiyo, nao tunaunukuu kwa maana tu. Kifungu cha mwaka 1983 kimefutwa. Umri wa kila mbwa uandikwe wa kweli kuanzia siku hiyo. Wafadhili waandikiwe ukweli wote. Msimamizi Laurenti Mapunda aendelee mpaka tarehe yake ya kustaafu, na apewe barua ya onyo kali kwa kughushi taarifa mara kumi na moja. Mzee Esmailji aliiandika barua hiyo kwa mkono wake na hakuipunguza makali, kwa sababu alisema mbwa ni jambo moja na sahihi yake ni jambo jingine. Ndilo onyo pekee lililomo katika jalada la miaka ishirini na saba. Mzee Laurenti aliomba nakala. Inasemekana imetundikwa sebuleni katika nyumba ya Muheza, anakohamia kulima machungwa, chini ya picha ya harusi, na kwamba mkewe, Mama Ruthi, bado hajakubali.

Kusahihisha daftari kulichukua siku tatu. Mzee Laurenti alipita banda kwa banda akitaja, karani akiandika. Kumi na mmoja. Kumi na mitatu. Kumi na miwili na nusu, huyu alizaliwa masika. Alikuwa anakumbuka walikuja na nani, mvua ilinyesha au haikunyesha, walikataa nini siku ya kwanza. Ilionekana wazi kwamba wakati wote wa ile miaka tisa isiyokwisha kulikuwa na daftari jingine, la kweli, ambalo halikuandikwa popote, na lingeondoka naye leo kama barua ya wafadhili isingekuja. Wafadhili walijibu Aprili. Walisema wamefurahi kujua kwamba Posho ni mmoja.

Posho alikufa tarehe 19 Mei, asubuhi, saa moja baada ya reli. Maelezo yake ya mwisho aliyaandika Mzee Laurenti mwenyewe, akiomba kalamu kwa karani kwa mara ya mwisho. Miaka kumi na mitano, amekufa usingizini. Tangu Desemba 1983, ni mbwa mzee wa kwanza katika daftari letu kufa akiwa na umri wake.

Yapo mengi tumeyaacha. Hatujaeleza alivyobuni vijukwaa vya mbao ili mbwa wenye shingo zilizokakamaa wasiiname wanapokula, wala magodoro ya magunia yaliyojazwa usumba wa nazi ambayo kituo kimoja cha Nairobi kimekuja kuyaiga. Hatujasema kwamba katika miaka yote hii aling'atwa mara moja tu, na mbwa aliyemng'ata alikuwa hana meno.

Mzee Esmailji huja kila Jumamosi sasa, alfajiri. Funguo huziacha garini.

Kuhusu banda la wazee, swali lililotusumbua tangu Januari lilikuwa ni nani atakayeigonga ile reli, na zaidi, nani atakayewagusa viziwi. Aliyejitokeza ni Mwanasiti. Kamati ilimuuliza kwa adabu kuhusu dini yake. Aliwajibu kwamba alisoma Kurani chuoni kabla baadhi yao hawajaota ndevu, na kwamba mkavu kwa mkavu hakuna najisi. Kiganja chake kikavu, bega la mbwa kavu, na siku ya mvua ndoo yake ya mchanga iko palepale bombani. Akaongeza kwamba kinachomtia wasiwasi si mbwa, ni nani atakayemjazia hiyo ndoo. Karani wa kituo amekubali kuijaza.

Zawadi ya wafanyakazi kwa Mzee Laurenti itakabidhiwa leo mchana. Si siri tena, kwa kuwa imefungwa juu ya paa la gari na kila mtu ameiona: godoro la futi tano kwa sita, jipya, la dukani, bado lina nailoni yake. Tulishauriana sana kuhusu redio na kuhusu baiskeli. Mama Ruthi ndiye aliyetuamulia. Alisema katika ndoa yao mume wake hajawahi kukutwa kitandani na jua, na kwamba anaogopa ataendelea kuamka saa kumi na moja kwenda kusimama barazani kutazama barabara.

Kwa niaba ya kamati, wafanyakazi, na mbwa kumi na watatu wa banda la wazee, tunakushukuru, Mzee Laurenti. Tunakushukuru kwa pumba za Muheza, kwa ule wembe na ile namba iliyokwanguliwa, na kwa kutokubali mkono mwingine uurithi uongo wako. Tunakuombea machungwa yazae, viuno vikae sawa, na Mama Ruthi apate mtu wa kunywa naye chai jua likiwa limekwisha panda.

Kesho saa kumi na mbili asubuhi Mwanasiti atagonga reli. Muheza ni mbali na sauti yake haitafika huko, kwa hiyo tunakuambia leo, mbele ya watu wote, ili usije ukasema hakuna aliyekuambia. Lindo limepokewa. Nenda kalale.

Brightness Shemweta
Karani wa kituo